Mechi Tatu za Ugenini

Uwanjani, 4 Mei

Mwanangu Kichwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, maana ndiko kwenye kivuli saa hizi. Mimi mzima, isipokuwa masikio. Mashine ya kukata nyasi imeyamaliza, na ndiyo sababu sikupigii simu. Juzi nilijaribu kuzungumza na mjomba wako. Yeye akasema hanisikii vizuri, lakini watu waliokuwa wakipita nje ya ukuta walinijibu.

Mama yako ameniambia umemaliza mitihani. Hongera sana. Sasa sikia habari njema. Nimeongea na mwalimu mkuu wa sekondari ya hapa jirani. Mwalimu wao wa hisabati amestaafu, nami nikamwambia ninaye mmoja wa moto moto, anatoka chuo kikuu sasa hivi. Amekubali kukushikia nafasi mpaka muhula ufunguliwe. Tena shule yenyewe iko ng'ambo ya barabara tu. Nikiwa juu ya jukwaa naona madarasa yote.

Najua utasema baba ana haraka. Lakini hebu niambie. Aliyesoma udaktari anakuwa daktari, aliyesoma sheria anakuwa wakili. Aliyesoma hisabati anakuwa nani kama si mwalimu wa hisabati? Watu wananiuliza na mimi nabaki kukuna kichwa. Nimekusomesha kwa kukata nyasi, mwanangu. Nataka nikuone umesimama mahali ninapopajua.

Uwanja hauna hali. Mbele ya goli la upande wa kantini pamebaki upara kama wa mjomba wako. Wanacheza kila wiki, nyasi hazipati hata nafasi ya kukohoa. Lakini timu iko vizuri, na msimu ujao ubingwa ni wetu, labda watu wa ofisi ya ligi watufanyie visa vyao vya kila mwaka.

Baba yako,
Mzee Nyasi


Chumbani kwangu, 13 Mei

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia na nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Pole na masikio.

Umeuliza aliyesoma hisabati anakuwa nani. Hata sisi wenyewe tuliulizana siku tuliyorudisha vitabu maktaba. Yule tuliyekaa naye chumba kimoja amechukuliwa na kampuni ya bima. Anakadiria watu wa umri fulani wataishi muda gani, ili kampuni ijue iwatoze kiasi gani. Yule kaka tuliyekuwa tukimwita Usingizi yuko idara ya hali ya hewa, na mvua ikikosea njia atalaumiwa yeye. Mwingine yuko hospitali. Hatibu mtu, kazi yake ni kuangalia kama dawa mpya inaponya kweli au watu wangepona tu hata bila hiyo dawa. Dada mmoja yuko benki, anawasaka wezi ambao hajawahi kuwaona, kwa kutazama tu jinsi tarakimu zinavyotembea. Na wapo watakaofundisha, Baba, nao ni wale wanaopenda kufundisha. Mimi nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito, unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nimepata kazi ya majaribio kwenye ofisi moja hapa. Ni kazi ya kupanga nani awe wapi na lini. Ikienda vizuri wataniajiri moja kwa moja. Nakuomba umwambie mwalimu mkuu avute subira kidogo, nitakupa jibu kabla ya muhula.

Mwanao,
Kichwa


Chumbani kwangu, 14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Hii isome ukiwa peke yako na cherehani. Ile "ofisi moja" niliyomwandikia baba ni ofisi ya ligi. Ndiyo, hiyohiyo. Mwanao ndiye anayepanga ratiba ya msimu ujao.

Tangu nikiwa mdogo baba anasema kwamba anayepanga ratiba anapanga kwa miguu. Sasa miguu hiyo ni yangu, na sijui nianzie wapi kumwambia.

Lakini Mama, ni kazi tamu. Kila timu ikutane na kila timu, nyumbani na ugenini. Ukisikia hivyo utadhani ni jambo la kalamu na karatasi. Halafu unaambiwa Timu ya Sabuni na Timu ya Posta zinatumia uwanja mmoja, kwa hiyo zisiwe nyumbani siku moja. Polisi nao hawataki mechi kubwa mbili katika mji mmoja kwa wakati mmoja. Uwanja mwingine uko mlangoni mwa soko, na siku ya gulio hapapitiki. Ni kama unavyosema wewe kuhusu shati, ukivuta begani linakunjika kiunoni. Kompyuta inajaribu njia nyingi kuliko ninavyoweza kuzimaliza mimi, lakini ni mimi ninayeiambia lipi ni lazima na lipi tunaweza kuwaomba watu radhi.

Sasa sikia. Kila klabu ilileta maombi yake. Kwenye ya klabu yetu palikuwa na hili: "Mtunza uwanja anaomba uwanja upumzike mvua zikianza, ili nyasi mpya zishike. Nyasi nazo zina uhai." Nilijua ni maneno ya baba kabla sijafika mwisho. Nikamwambia bosi palepale kwamba mtunza uwanja huyu ndiye aliyenizaa. Akasema ombi likiwa na maana na lisipoiumiza timu nyingine, lipewe kama mengine, naye atalikagua mwenyewe. Lina maana, Mama. Nimelipanga. Timu itacheza mechi tatu za ugenini mfululizo mwanzo wa mvua, na uwanja utalala usingizi wake.

Ila ratiba haiko salama mpaka mkutano wa vilabu uipitishe. Wakiikataa, majaribio yangu yameishia hapo na nitarudi kushika chaki. Tafadhali usimwambie baba. Nataka aone nyasi zikiota kwanza, ndipo ajue ni nani aliyepanga.

Mwanao


Nyumbani, 22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na suruali ya watu imebaki na mguu mmoja. Sitasema kitu.

Ila nikukumbushe jambo. Baba yako ni watu wawili. Yupo mtunza uwanja na yupo shabiki. Wanavaa kofia moja na hawasalimiani. Zawadi umempa mtunza uwanja, lakini ratiba ikifika hapa atakayeisoma ni shabiki. Jiandae.

Mama yako


Uwanjani, 11 Juni

Kichwa,

Ratiba imetoka. Kama umesimama, kaa.

Mechi tatu za ugenini mfululizo. Tatu, mwanangu. Tena mwanzo wa mvua, barabara zote tope, basi la klabu lenyewe unalijua linavyosukumwa. Timu gani imewahi kufanyiwa hivi? Nimeiangalia ratiba hii nikiwa nimekaa, nikaiangalia nimesimama, ni ileile. Aliyeipanga si kwamba hajui mpira tu, nina wasiwasi hata kuhesabu hajui.

Hapa ndipo ninapokuhitaji. Uniandikie kwa hesabu, kwa zile alama zenu za kutisha, kwamba jambo kama hili haliwezi kutokea kwa bahati mbaya. Nimeshawatangazia wenzangu wa tawi la mashabiki. Nimewaambia binti yangu ana shahada na atawaanika juani. Wote wanasubiri. Kuna mzee mmoja ameniuliza kama utaandika na mchoro.

Na huyo rafiki yako wa bima, kukadiria watu watakufa lini, hiyo ni kazi au uganga? Mwambie mimi asinikadirie.

Baba yako,
Mzee Nyasi


Chumbani kwangu, 17 Juni

Shikamoo Baba,

Nimeipitia ratiba. Naweza kusema naijua vizuri kabisa.

Kwa hesabu, mechi tatu za ugenini mfululizo hazithibitishi hila. Zinachothibitisha ni kwamba mechi zenu za nyumbani zimesogea mbele, kwa hiyo mwisho wa msimu, ubingwa unapoamuliwa, mtakuwa nyumbani zaidi kuliko wengine. Na huenda ipo sababu nyingine. Je, klabu haikuomba lolote? Hebu tuache timu kidogo. Utazame uwanja wako, Baba, ujiulize wiki zile utakuwa na hali gani.

Mchoro sijaweka. Mpe pole yule mzee.

Mwanao,
Kichwa


Uwanjani, 24 Juni

Kichwa,

Nimekuomba panga umeniletea kijiko.

Unaniuliza kama klabu iliomba kitu. Tuombe ili iweje? Mimi mwenyewe kila mwaka naomba uwanja upumzike mvua zikianza, na kila mwaka naambiwa "tutaona". Mwaka huu nilimpa katibu maneno yaleyale, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosafisha koo. Hakuna anayesoma maombi ya mkata nyasi. Kwa hiyo usinipeleke huko.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Naanza kuamini kwamba ndani ya ofisi ile yumo mtu wetu kabisa, mtu anayetujua mpaka jikoni, ndiye anayetuchimba. Nikimjua nitampa maneno yake.

Na siku ya kumpa imefika. Kamati ya klabu imenichagua mimi nikazungumze kwenye mkutano wa vilabu. Wamesema nina sauti. Tutafika huko kwenu asubuhi na basi la klabu na kuingia ukumbini moja kwa moja. Wewe omba ruhusa kazini, uje unisikilize. Utakaa nyuma, na nikitaja hesabu nitakuonyesha kwa kidole.

Baba yako,
Mzee Nyasi


Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu,

Umeniandikia mstari mmoja tu, "Mama, nimwambie au nikimbie?" Nami nakujibu, usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Ukimwambia leo atajitoa. Kesho kamati itasema umemziba baba yako mdomo ili ratiba yako ipite. Hapo ndipo utakapoonekana mwenye hila, na ombi la nyasi litageuka ushahidi. Mwache aseme yote aliyonayo mbele ya watu, nawe ujibu yote. Bosi wako anajua, mimi najua, Mungu anajua. Aliyebaki ni mmoja, naye atajua palepale. Ataumia kidogo. Si wa kuvunjika.

Shati lake la bluu nimelipiga pasi. Anajizoeza hotuba mbele ya mashine ya kukata nyasi, ikiwa inanguruma, ili aone kama itamshinda. Mpaka sasa ni sare.

Ulimi ukiwa mzito, mtafute mtu mmoja mwenye uso mzuri, uzungumze naye huyo. Usimtazame baba yako.

Mama yako


Ofisini, 9 Julai

Mama yangu,

Mumeo amerudi salama, bila shaka umemwona. Yeye najua hatakusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi.

Alisimama na shati lile la bluu. Walimpa kipaza sauti, akatamka neno moja, wakakizima. Alisema aliyepanga ratiba hana huruma. Alisema hajawahi kuingia uwanjani ila kwa kupotea. Akasema, "Na kama mtu huyu ana baba, basi baba huyo anastahili pole." Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa meza ya mbele, nyuma ya bosi na jagi la maji, hajaniona. Alikuwa ananitafuta viti vya nyuma.

Mwenyekiti akasema, "Mpanga ratiba asimame ajibu." Nikasimama.

Alinitazama. Akatazama karatasi yake, akanitazama tena, akavua kofia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilidhani ataketi au ataniita jina langu la nyumbani. Akasema, "Mheshimiwa mtaalamu, tunaomba maelezo." Hakutaka watu wajue, Mama. Aliogopa wakijua nitapoteza kazi, na akaamua kuendelea kuwa adui yangu ili aninusuru.

Basi nikaeleza. Yule mwenye uso mzuri sikumpata, nikazungumza na jagi. Baba akaniuliza kwa nini isiwe mechi mbili ugenini, moja nyumbani, kisha tena moja ugenini. Nikaenda ubaoni nikaonyesha kwamba tukifanya hivyo, Sabuni na Posta zinakutana mlango mmoja siku moja. Akaleta njia nyingine. Nikaionyesha nayo inapokwama. Alinibana kama hajawahi kunibeba mgongoni. Na ajabu ni kwamba ulimi ukawa mwepesi. Nilisahau kuogopa kwa sababu alikuwa anauliza maswali mazuri.

Mwisho nikasema klabu yenyewe iliomba uwanja upumzike mvua zikianza, nikalisoma ombi lote, mpaka pale kwenye uhai wa nyasi. Katibu wao akainama kutafuta kitu chini ya kiti. Baba akauliza, "Ombi hilo mlilisoma nyinyi?" Hapo ndipo alipokihitaji kipaza sauti. Nikamjibu tuliyasoma yote.

Sasa mjumbe wa Sabuni akasimama, mtu mmoja mnene mwenye suti ya kijivu. Akasema, "Sisi ombi letu limekataliwa, mzee wa bluu lake limekubaliwa. Hapa nani anamjua nani?" Ukumbi ukachemka. Bosi akainuka bila haraka. Akasema mpanga ratiba ni binti wa mzee huyu, alimwambia hivyo siku ileile ombi lilipofika, naye amelikagua kwa mkono wake, na maombi yote, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, yako mezani, anayetaka aje asome.

Yule wa Sabuni alimtazama baba, akanitazama mimi, akatutazama pua. Halafu mwili wote ukaanza kumtikisika. Akasema, "Yaani muda wote huu mzee anamtukana mtoto wake mwenyewe hadharani, na mtoto hampunguzii hata mechi moja? Kama huu ndio upendeleo, sisi hatuutaki. Pitisheni ratiba." Walipoambiwa wanyooshe mikono, wa kwanza kupanda ulikuwa wa shati la bluu.

Kwa hiyo nimeajiriwa, Mama. Lakini sina furaha kamili. Basi lilikuwa linapiga honi, baba akanishika bega, akasema "Tutaandikiana," akaenda. Hakucheka wala hakugomba. Sote tunamjua akipiga kelele. Akinyamaza, mimi simjui. Muulize kwa ajili yangu kama bado nina baba.

Mwanao,
Kichwa


Uwanjani, 21 Oktoba

Mwanangu,

Nimenyamaza muda mrefu, na mama yako ananiambia umekonda. Kula. Sikuwa na hasira.

Siku za kwanza nilikuwa na aibu. Nilisema mbele ya watu kwamba baba wa mpanga ratiba anastahili pole, na kwenye basi wenzangu walinipa pole hiyo njia nzima, mmoja baada ya mwingine, kwa kunishika mkono. Dereva alisimamisha basi ili naye anipe yake. Nilistahili. Ila hukunitendea vema kunificha kazi yako, na hili nalisema mara moja, sitalirudia. Ungeniambia ningepiga kelele siku mbili, kisha ningeuliza wanakulipa lini. Unanijua.

Baada ya hapo nilikuwa nasubiri kuona kwa macho yangu ndipo nikuandikie. Mvua zilipoanza timu ikaondoka, nami kwa mara ya kwanza sikupanda basi, nikapanda nyasi. Mechi ya kwanza tumefungwa. Ya pili tumetoka sare. Ya tatu ni kesho. Mashabiki wanakulaani, na mimi ni mmoja wao, lakini siku ya mechi tu. Siku nyingine nakwenda napiga magoti mbele ya goli la upande wa kantini. Zimeshika, mwanangu. Jana nilivua viatu nikapita juu yake taratibu, nikarudi nikapita tena. Nimetunza uwanja huu tangu wewe hujazaliwa na sikuwahi kuuona hivi.

Kwa mwalimu mkuu nimekwenda mwenyewe. Nimemwambia nafasi ile ampe mwingine, mtu anayependa kufundisha. Akaniuliza, "Sasa binti yako amekuwa nani?" Nikamwambia, wachezaji, marefa, polisi, wenye mabasi, mpaka wauza maji wa getini, hakuna anayejua Jumamosi aelekee wapi mpaka binti yangu aseme. Akasema hakujua kwamba hisabati inafika huko. Nikamwambia hata mimi nimejua juzi, tena kwa kipaza sauti. Basi kazi hiyo ifanye. Nimekubariki kwa moyo wangu wote, na usinifiche tena kitu.

Msimu ujao usinipendelee. Nina ombi jingine, nitalipitisha kwa katibu kama kila mtu, na lisipokuwa na maana mlikatae.

Nimekaa hapa benchini nikiwaza jambo moja. Miaka yote ile nilikuwa naandika ombi langu, nampa katibu, nikijua nauambia ukuta. Halafu nageuka nakwenda kukata nyasi ili nipate ada yako. Niliona ni mambo mawili tofauti, moja la kupoteza wino na moja la kutoka jasho. Kumbe muda wote huo nilikuwa namsomesha mtu atakayelisoma.

Baba yako,
Mzee Nyasi